Seneta asiyekuwepo naye amepiga kura

Mhariri,

Kila Seneti inapomaliza kura kubwa, mitandao hujaa orodha za "waaminifu" na "wasaliti" wa chama kabla hata Spika hajaahirisha kikao. Magazeti hutaja idadi ya walioshinda na walioshindwa, kisha hukimbilia maoni ya vinara. Rekodi yenyewe haichapishwi: nani alipiga kura, kwa niaba ya kaunti gani, upande upi, na nani hakuonekana ukumbini. Bila hayo huwezi kusema seneta ni mtiifu kwa chama chake au amekiasi, kwa sababu kura za Seneti ya Kenya hazihesabiwi kama zile za Bunge la Kitaifa.

Nianze na kosa jepesi. Mpaka leo utasikia mtu akimlaumu seneta wake kwa Mswada wa Fedha wa 2024. Kura ile ilipigwa tarehe 25 Juni katika Bunge la Kitaifa, 195 wakaunga mkono na 106 wakapinga. Seneti haikuhusika. Kifungu cha 109 cha Katiba kinasema mswada wa fedha huwasilishwa katika Bunge la Kitaifa peke yake. Seneta anaweza kuhukumiwa kwa alivyousemea mswada ule mikutanoni, lakini kura hakuwa nayo.

Sasa tuingie ndani. Seneti ina wanachama 67 mbali na Spika: 47 wa kuchaguliwa na 20 wa kuteuliwa na vyama, yaani wanawake 16, vijana wawili na watu wawili wenye ulemavu. Jambo likiwa halihusu kaunti, kila mmoja ana kura yake. Likihusu kaunti, Kifungu cha 123 kinabadilisha hesabu nzima. Maseneta wote waliojiandikisha kuwa wapigakura katika kaunti fulani huwa ujumbe mmoja wenye kura moja, na kiongozi wa ujumbe ni yule aliyechaguliwa. Yeye ndiye hupiga kura baada ya kushauriana na wenzake, au asipokuwepo humteua mmoja wao apige kwa niaba ya kaunti. Ili jambo lipite lazima liungwe mkono na wingi wa jumbe zote, si wingi wa waliohudhuria. Hiyo ni 24 kati ya 47.

Katika kanuni hiyo kuna mambo mawili ambayo orodha za mitandaoni huyaruka.

La kwanza, seneta wa kuteuliwa hana kura katika mambo ya kaunti mpaka apewe na kiongozi wa ujumbe wake. Kumweka kwenye orodha ya "waliopinga" au "waliokwepa" katika kura ya namna hiyo ni kumsingizia. Tena maseneta wa kuteuliwa hawajagawanywa sawa, kwa kuwa kinachoangaliwa ni mahali alikojiandikisha kupiga kura. Kaunti moja inaweza kuwa na watu kadhaa katika ujumbe wake na nyingine ikawa na yule mmoja tu wa kuchaguliwa. Huyo mmoja akisafiri, kura ya kaunti nzima imesafiri naye, maana hawezi kumwachia jirani wa kaunti nyingine.

La pili ndilo zito zaidi. Kwa kuwa kinachotakiwa ni 24 kati ya 47, asiyekuwepo na aliyejizuia kupiga kura wote wamesaidia upande wa La. Kaunti 23 zikisema Ndio, mbili zikisema La na 22 zisionekane, hoja imeanguka. Viranja, yaani wanaosimamia nidhamu ya kura katika vyama, wa pande zote wanaijua hesabu hii kama wanavyojua majina ya watoto wao. Kiranja anayetaka mswada ufe bila chama kuonekana kimeuua hahitaji kuwaambia watu wapige La. Kengele ya kura ikilia, watu wake wanakuwa kwenye korido, kwenye mkahawa, au wana mkutano wa dharura mjini.

Ongeza kwamba akidi ya Seneti, yaani idadi ya chini inayotakiwa ili kikao kiendelee, ni wanachama 15 tu, kwa mujibu wa Kifungu cha 121. Kwa hiyo mjadala unaweza kuendelea kihalali alasiri nzima huku ukumbi ukiwa hauna kaunti za kutosha kupitisha chochote. Ndiyo maana husikika mara kwa mara Spika akiahirisha kura hadi kikao kijacho, na mswada uliojadiliwa wiki nyingi zilizopita bado unasubiri kupigiwa kura. Kuahirisha huko hakuachi jina la mtu yeyote katika rekodi, na kwa mwanasiasa aliyebanwa kati ya chama na kaunti yake hiyo ni nafuu kubwa.

Kesi za kubandua viongozi zina hesabu zao. Kwa gavana, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kipengele cha 33, inaipa Seneti njia mbili: kuunda kamati maalumu ya watu 11, au kusikiliza mashtaka wanachama wote wakiwa kikaoni. Njia inayochaguliwa ndiyo huamua kama kutakuwa na rekodi. Kamati ikisema mashtaka hayajathibitishwa, shauri limekwisha hapo na maseneta wengine hawapigi kura kamwe. Ndivyo alivyonusurika Anne Waiguru wa Kirinyaga Juni 2020, na Kawira Mwangaza wa Meru Desemba 2022. Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi, wote mwaka 2020, walisikilizwa na Seneti nzima, na kura za kila kaunti zipo kwa kila shtaka. Kwa hiyo anayetaka kujua chama kilimlinda nani aanze na hoja ya kuunda kamati. Mara nyingi mchezo huishia pale.

Kwa Naibu Rais hesabu ni nyingine tena: theluthi mbili ya wanachama wote, yaani 45 kati ya 67, na kila seneta hupiga kura yake mwenyewe, wa kuteuliwa wakiwemo. Tarehe 17 Oktoba 2024 shtaka la kwanza dhidi ya Rigathi Gachagua lilipata 54 kwa 13, na kati ya mashtaka 11 matano yalipita. Hata hapa kusema "seneta fulani alimpinga Gachagua" hakutoshi. Zilikuwa kura 11 tofauti, na seneta aliweza kusema Ndio kwa shtaka moja na La kwa linalofuata. Muhtasari wa mstari mmoja unafuta tofauti hiyo.

Ukitaka kuona chama na kaunti vikivutana hadharani, rudi 2020, kwenye mfumo wa tatu wa kugawa mapato kwa kaunti. Kifungu cha 217 kinaitaka Seneti iamue mfumo huo kila baada ya miaka mitano. Pendekezo lililokuwa mezani lingeziongezea fedha kaunti zenye watu wengi na kuzipunguzia nyingi za kaskazini mashariki, Pwani na Ukambani. Kwa wiki kadhaa viranja hawakuwa na la kufanya. Kipchumba Murkomen wa Jubilee na Mutula Kilonzo Junior wa Wiper walijikuta kambi moja, ile ya kulipinga. Johnson Sakaja, seneta wa Nairobi, alikuwa kambi hiyohiyo ingawa kaunti yake ilikuwa miongoni mwa zile ambazo zingenufaika. Kura ziliahirishwa na kuanguka mara kadhaa kwa sababu hakuna upande uliofikisha 24. Tarehe 17 Agosti maseneta watatu, wa Kakamega, Samburu na Bomet, walikamatwa na polisi, na wenzao wakagoma kuendelea na kikao.

Mwafaka ulipatikana tarehe 17 Septemba, baada ya ahadi kwamba fedha za kaunti zingepanda kutoka Sh316.5 bilioni hadi Sh370 bilioni katika mwaka wa 2021/22, ili pasiwe na kaunti ya kupoteza. Mfumo uliopitishwa uliweka idadi ya watu kuwa asilimia 18, afya asilimia 17 na mgao sawa kwa kila kaunti asilimia 20, ukitanguliwa na nusu ya mgao wa 2019/20 kama msingi. Seneta aliyekiasi chama wiki zile alikuwa akitetea zahanati na barabara za watu wake. Ukimpima kwa utiifu wa chama peke yake atapata alama duni, ilhali hiyo ndiyo kazi ambayo Katiba imempa kwa kumfanya kiongozi wa ujumbe wa kaunti.

Adhabu ya uasi nayo haiwapati wote sawasawa. Mei 2020 Jubilee ilimng'oa Murkomen kwenye wadhifa wa kiongozi wa wengi na Susan Kihika kwenye ukiranja, kisha tarehe 22 mwezi huohuo Seneti ikamwondoa Naibu Spika Kithure Kindiki kwa kura 54 dhidi ya 7. (Kindiki huyo ndiye aliyechukua nafasi ya Gachagua miaka minne baadaye, siasa zetu hazitupi mtu moja kwa moja.) Wote watatu walipoteza vyeo lakini wakabaki na viti, kwa kuwa kumvua kiti seneta aliyechaguliwa kunamaanisha uchaguzi mdogo, na chama kinaweza kuupoteza. Wa kuteuliwa hana kinga hiyo. Kipengele cha 14 cha Sheria ya Vyama vya Kisiasa kinamhesabu mtu kuwa amejiuzulu akipigia debe chama kingine, na Kifungu cha 103 kinamwondolea kiti. Isaac Mwaura alitangaziwa kwamba kiti chake ki wazi Mei 2021, hadi mahakama iliposimamisha uamuzi huo. Kwa hiyo utiifu wa asilimia mia wa seneta wa kuteuliwa unaweza kuwa hofu tu.

Halafu msimamo wa chama chenyewe huhama. Seneta wa ODM, chama kilichokuwa upinzani, aliyeunga mkono upande wa serikali mwaka 2023 alikuwa mwasi. Akifanya vivyo hivyo baada ya chama tawala UDA na ODM kutia saini makubaliano ya Machi 2025, anafuata chama. Rekodi isiyo na tarehe pembeni ya kila kura, na isiyotaja maagizo ya kiranja ya siku ile, itamwita mtu kigeugeu wakati kilichogeuka ni chama.

Kwa anayetaka kuisoma rekodi mwenyewe, Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi ya mijadala, iko kwenye tovuti ya Bunge. Tafuta siku ya kura, kisha ruka hotuba zote hadi majina ya waliosema Ndio, waliosema La na waliojizuia. Kura ya sauti haina majina, iache. Pembeni ya kila jina pana kaunti. Wasiokuwepo hawaorodheshwi, hivyo chukua kaunti 47, toa zote zilizotajwa, na zinazobaki ndizo zilizokosekana. Fanya hivyo kwa kila hatua, maana kuna wanaounga mkono mswada Unaposomwa Mara ya Pili, wakaukimbia kwenye marekebisho katika Kamati ya Bunge Zima au Unaposomwa Mara ya Tatu. Kabla ya kuhukumu, angalia pia kama mhusika alikuwa na ruhusa ya Spika au alikuwa safarini na kamati.

Baada ya hapo ondoa kura ambazo pande zote zilikubaliana. Hizo ndizo huvimbisha asilimia. Chukua mfano wa kubuni: kura 40, kati yake 28 hazikuwa na mvutano na seneta alihudhuria zote. Katika 12 za mvutano alikuwepo sita, nne akafuata chama na mbili akakiasi. Hesabu ya kawaida itampa kura 32 kati ya 34 alizopiga, asilimia 94, mtiifu kabisa. Kwenye zile 12 zilizokuwa na uzito, chama kilimpata mara nne tu. Na kama chama kilikuwa kikitafuta kaunti 24 katika zile sita alizokosa, aliwanyima mara sita zaidi.

Tathmini za kila mwaka za Mzalendo Trust, shirika linalofuatilia kazi ya Bunge, zina kazi yake, lakini hupima zaidi mara ambazo mbunge au seneta amezungumza bungeni. Wapo wasemaji hodari ambao kengele ya kura ikilia huwaoni.

Ombi langu kwenu ni dogo na nafasi yake haizidi robo ya ukurasa. Seneti ikipiga kura ya majina, chapisheni jedwali la kaunti 47 lenye jina la aliyepiga kura, chama chake, na alama moja kati ya nne: Ndio, La, alijizuia, hakuwepo. Kiongozi wa ujumbe akimwachia mwenzake kura, tajeni wote wawili. Kura ikiahirishwa kwa kukosa 24, chapisheni majina ya waliokuwa ukumbini siku hiyo, kama mwandishi wenu aliyeketi roshani aliweza kuwahesabu.

Mfuatiliaji wa shughuli za Bunge,
Nairobi