Asbesto haivunjwi ili itoshe kwenye shogi

Mhariri,

Kuskazi inapoelekea kwisha, mji wa Amu, yaani Lamu, hujaa sauti za nyundo, kwani kila mwenye paa linalovuja hutaka limalizike kabla ya masika. Hakuna ubaya, ila paa lenyewe likiwa la asbesto. Hapo nyundo ndiyo balaa.

Tunaiita bati kwa mazoea tu. Ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini, ambazo ndizo asbesto yenyewe, kwa kawaida asilimia 10 hadi 15, ikatengenezwa kwa mawimbi makubwa yenye unene wa kama milimita 6. Ukiigonga hailii kama chuma, hutoa sauti butu. Ukingo uliovunjika huonyesha vinyweleo vyeupe vikitokeza kwenye saruji. Hata hivyo macho peke yake hayathibitishi, maana yapo mabati ya saruji yasiyo na asbesto na yanafanana nayo kabisa. Jibu la uhakika hutoka maabara, kwa hadubini. Kama nyumba iliezekwa zamani na hakuna ajuaye bati lilitoka wapi, lichukulie kuwa ni asbesto.

Bati zima likiachwa juu lilipo, hatari yake ni ndogo. Kinachodhuru ni vumbi linalotoka linapokatwa, kutobolewa, kusuguliwa au kupasuliwa. Nyuzi zinazofika ndani kabisa ya pafu ni nyembamba chini ya maikromita 3, na unywele wa mtu ni kama 70. Hazinuki, hazikeri koo, na huelea hewani kwa saa nyingi. Seli za kinga hujaribu kuzimeza zikashindwa kwa urefu wake, zikafa, na mahali pake pakabaki kovu. Makovu yakienea, ndiyo asbestosisi: pafu hukakamaa na mtu hukosa pumzi kwa kupanda ngazi za nyumba yake mwenyewe. Ugonjwa huo huwapata hasa waliovuta vumbi jingi kwa miaka mingi. Saratani ya mapafu nayo huongezeka, na kwa mvutaji sigara hatari huzidi maradufu. Mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo, haina uhusiano na sigara, na imewahi kuwapata watu waliokutana na vumbi kidogo sana. Mwaka 1960 daktari Wagner na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 33 wa saratani hii nchini Afrika Kusini, na miongoni mwao walikuwamo ambao hawakuwahi kufanya kazi mgodini, waliishi karibu na machimbo tu. Wake waliofua nguo za kazi za waume zao pia wamepatikana na ugonjwa huo. Ndiyo maana fundi asirudi nyumbani na kikoi alichofanyia kazi.

Kinachowapumbaza watu ni muda. Kati ya kuvuta vumbi na kuugua hupita miaka 20 hadi 40, wakati mwingine zaidi. Kijana akivunja paa leo akaamka kesho mzima, ataona tunamtisha bure.

Sasa hapa Amu. Bati la mita 2.4 lina uzito unaokaribia kilo 30, vichochoro ni vyembamba, na mbebaji ni punda. Kwa hiyo bati hupondwa vipande vinavyoingia kwenye shogi, yaani kikapu cha mgongoni mwa punda, na njia nzima hadi ufukoni hupata vumbi lake. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Bati la asbesto hubebwa zima, na watu wawili, likiwa limelowa na kufungwa, hata kama safari itakuwa ndefu na wapita njia watanung'unika.

Kazi yenyewe ianze kwa maji. Chukua bomba la mgongoni la kupulizia dawa shambani, ambalo halijawahi kutiwa sumu, jaza maji na matone machache ya sabuni ya maji ili yapenye badala ya kuteleza. Nyunyiza taratibu, pande zote mbili ukiweza. Usitumie mpira wenye nguvu, unang'oa nyuzi. Chagua siku isiyo na upepo, ambayo katika miezi ya kuskazi hupatikana mapema asubuhi. Majirani wafunge madirisha na waanue nguo.

Boliti zetu huwa zimeliwa na chumvi, hazifunguki, na fundi hukimbilia patasi. Kata kichwa cha boliti kwa mkasi wa chuma, kisha inua bati. Ukiligonga litapasuka palepale kwenye tundu. Wala usikanyage bati. Asbesto kuukuu huvunjika ghafla, na anayeanguka hahitaji kungoja miaka 20. Tandika mbao imara zinazoegemea boriti mbili au zaidi. Bati likishuka, lisitupwe, lipokewe kwa mikono, lizungushiwe nailoni nene mara mbili, lifungwe kwa utepe na kuandikwa ASBESTO kwa herufi kubwa.

Leso usoni haizuii kitu, na barakoa ya hospitali vilevile. Inayofaa ni ya daraja la P3, yaani yenye kichujio cha daraja la juu la kuzuia vumbi, inayobana ngozi. Hapa kuna jambo la kusemwa bila kuona haya: ndevu huivunja barakoa hiyo nguvu, kwa sababu hewa hupita pembeni. Mwenye ndevu apewe kazi ya chini mbali na vumbi, au kofia yenye pampu ya hewa. Baada ya kazi, ufagio usiguswe. Futa kwa matambara yaliyolowa, na matambara nayo yafungwe pamoja na mabati.

Baadhi ya watu huyagawa mabati ya zamani kama sadaka: banda la kuku, choo, kifuniko cha birika la kuhifadhia maji. Sadaka gani hiyo? Wengine huyachoma na taka, na bati la asbesto likipata moto hupasuka kwa mlio na kurusha vipande. Kuyazika kwenye matuta ya mchanga ya Shela pia si suluhisho, upepo utayafukua. Kanuni za Kenya za usimamizi wa taka zinaihesabu asbesto kuwa taka ya hatari. Inasafirishwa na kuzikwa kwa kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kama kaunti ingetenga siku moja kabla ya masika, ikaleta nailoni na chombo cha kuvusha mizigo hadi Mokowe upande wa bara, wengi wasingekuwa na sababu ya kuponda.

Wengi huuliza kuhusu maji ya mvua yanayoteremka kwenye paa hilo. Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango cha asbesto katika maji ya kunywa, kwa sababu ushahidi wa madhara ya kuimeza hauko thabiti. Lakini tope la kwenye mfereji na chini ya birika likikauka ni vumbi. Lisafishwe likiwa bichi. Na paa lisisuguliwe kwa brashi ya waya ili maji yapate kuwa meupe, wala kabla ya kulipaka rangi. Kuvu ile nyeusi imeshika nyuzi nyingi.

Aliyewahi kufanya kazi hii, akipata kikohozi kikavu, maumivu ya kifua, maji yanayozunguka pafu, au ncha za vidole zikivimba, asiishie kuambiwa ni pumu au kifua kikuu. Amweleze daktari alikata nini, mwaka gani na kwa muda gani, kwani eksirei ya kawaida inaweza kuonekana safi na kitu kikaja kuonekana kwenye picha za CT, zinazoonyesha pafu kwa undani zaidi.

Msomaji,
Langoni, Lamu