"Inazuia kwa asilimia ngapi?" Maana ya namba za uzazi wa mpango

Hili ndilo swali la kaunta ya duka la dawa, na jibu la mkato, "asilimia 99", huwapotosha wengi. Mteja huondoka akidhani kwamba akikutana na mwenzake mara 100, mara moja tu ndiyo itampa mimba. Sivyo. Namba hizi hazihesabu tendo, zinahesabu watu na muda: kati ya wanawake 100 waliotumia njia fulani kwa mwaka mmoja, wangapi walishika mimba?

Kipimo cha zamani kinaitwa Kielezo cha Pearl, kwa jina la Raymond Pearl, mwanabiolojia wa Marekani aliyekianzisha miaka ya 1930. Chukua idadi ya mimba, zidisha kwa 1,200 (yaani miezi 12 ya wanawake 100), kisha gawanya kwa jumla ya miezi ambayo wanawake wote walitumia njia hiyo. Tuseme wanawake 200 wamechoma sindano mwaka mzima; hiyo ni miezi 2,400. Zikitokea mimba 8, basi 8 × 1,200 ÷ 2,400 = 4. Namba ikiwa ndogo, kinga ni kubwa.

Kuna mtego kidogo hapo. Wanaosahausahau hushika mimba mapema na kutoka kwenye hesabu, wakabaki makini na wale ambao hawashiki mimba kwa urahisi. Kwa hiyo utafiti wa miaka mitatu huonyesha njia ileile kuwa bora kuliko utafiti wa miezi sita. Usilinganishe namba mbili kabla ya kuuliza kila moja ilipimwa kwa muda gani.

Kumbuka pia kwamba wasiotumia chochote, takriban 85 kati ya 100 hupata mimba ndani ya mwaka. Maana yake hata asiyejikinga ana "asilimia 15" yake ya bure! Ndiyo maana sisi tunapendelea kutaja mimba kwa wanawake 100 badala ya asilimia za kinga.

Kila njia ina namba mbili: ya anayefuata maelekezo bila kukosea, na ya watumiaji wa kawaida. Vidonge vya majira ni 0.3 dhidi ya 7. Sindano ni 0.2 dhidi ya 4, kondomu ya kiume 2 dhidi ya 13. Kijiti ni 0.1 pande zote, kwa sababu kikishawekwa mkononi hakina cha kusahauliwa.

Pengo hilo la vidonge, huku ziwani, lina sura yake. Wavuvi wa dagaa hukaa visiwani siku za giza, hurudi nyumbani mbalamwezi ikitoka. Mama anaona mume hayupo, anavipumzisha vidonge, kisha anameza kimoja jioni ile mume anapotua mwaloni. Kidonge kimoja hakijamkinga: ukishaacha, vinahitajika siku 7 mfululizo ndipo kinga irudi, na siku hizo zote ni za kondomu. Afadhali umeze kila siku, awepo asiwepo.

Ukisahau kimoja au viwili vya homoni (vile vinavyozuia mimba), meza mara unapokumbuka na uendelee. Viwili siku moja havidhuru. Vikifika vitatu, meza kimoja, endelea, na tumia kondomu siku 7. Kama ni wiki ya tatu ya pakiti, ruka vile vya kahawia (hivyo ni madini ya chuma tu) uanze pakiti mpya moja kwa moja. Ukitapika ndani ya saa 2, rudia kidonge. Dawa ya kifua kikuu yenye rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti, sindano ya miezi mitatu haiathiriki.

Halafu kuna hesabu ya miaka. Ile saba ya vidonge kwa mwaka ikiendelea vilevile miaka mitano, wanawake kama 30 kati ya 100 watakuwa wameshika mimba. Kwa kijiti hawafiki hata mmoja.

Vijiti, vitanzi na sindano hutolewa bure kwenye vituo vya afya vya serikali. Ukija dukani kwa vidonge, njoo na pakiti unayotumia, hata kama imebaki nusu: matundu yaliyobaki na kidonge yanatuonyesha uliacha siku gani.