Malalamiko: banda la "mashine nzito" mlilonijengea sakafu yake inabonyea

Kwa Meneja, Kitengo cha Huduma kwa Wateja

YAH: SAKAFU YA BANDA LA KARAKANA LA MITA 3 KWA 5

Ndugu Meneja,

Salaam. Naandika baada ya kupokea jibu lenu la imeili, lile linalosema banda halina tatizo lolote kwa sababu sakafu yake inabeba tani 3 na mashine zangu zote kwa pamoja hazifiki hata tani moja na nusu. Kwa kweli hilo jibu limeniuma kuliko hata sakafu yenyewe, maana aliyeliandika ama hajawahi kuona mashine ya seremala imesimama chini, ama anajua kabisa na anataka tu ninyamaze. Sasa naomba mnisikilize vizuri, na naomba barua hii isomwe na mtu anayejua ujenzi, sio mtu wa mauzo.

Kabla sijalipa hata senti niliwatumia uzito wa kila mashine kwa maandishi. Msumeno wa meza kilo 230, mashine ya randa ya unene (ya kupunguza unene wa mbao) ya inchi 20 kilo 400, bendiso (msumeno wa mkanda) kilo 200, randa ya kunyooshea kilo 220, mashine ya kukereza (inayozungusha mti uchongwe duara) kilo 150. Nikawatumia na picha za miguu yake ili muone zinavyokaa chini. Nikauliza wazi, hii sakafu itabeba? Mtu wenu akanijibu hilo ni banda la karakana, la kazi nzito, usiwe na wasiwasi. Nikauliza tena, si ingekuwa bora tumwage zege kwanza ndo banda likae juu? Akasema zege ni kupoteza hela na muda, sakafu yetu ya mbao inatosha na kubaki. Hizo meseji ninazo zote, na nimeziambatanisha hapa na invoisi ambayo nyie wenyewe mmeandika "banda la karakana la mashine".

Sasa twende kwenye hizo tani 3 zenu. Mita 3 kwa 5 ni mita za mraba 15, mkizidisha kwa kilo 200 kwa kila mita ya mraba mnapata kilo 3000, ndo hizo tani 3, nimeona mlikozitoa. Lakini kilo 200 kwa mita ya mraba ni hesabu ya sakafu ya nyumba ya kuishi, mzigo uliotawanyika, watu wanaotembea, viti, kabati, kitanda. Mashine haitawanyiki. Randa yangu ya kilo 400 imesimama kwa miguu 4, kila mguu una kitako cha sentimita 5 kwa 5, yaani mdogo kama kisanduku cha kiberiti, na kila mguu unabeba kama kilo 100. Hiyo ni kilo 4 kwa kila sentimita moja ya mraba. Mkitaka kuipeleka kwenye mita ya mraba kama mnavyopenda kuhesabu nyie, ni sawa na tani 40 kwa mita ya mraba. Na hapo mashine imezimwa, sijaingiza ubao mnene wa mninga mbichi wenye uzito wake, wala mimi sijaegemea. Plaiwudi haina habari na jumla ya uzito wa banda zima, inachokiona ni pale mguu ulipokanyaga, na kama mguu umeangukia katikati ya boriti na boriti basi plaiwudi peke yake ndo inabeba.

Nilifungua skrubu za kipande cha pembeni nione mmeweka nini chini. Nimekuta maboriti ya inchi 2 kwa 4 yamepangwa kila baada ya sentimita 60, juu yake plaiwudi moja tu ya milimita 12, na banda lote limekaa juu ya mbao 3 zilizolazwa moja kwa moja kwenye udongo. Hakuna kokoto, hakuna nailoni ya kuzuia unyevu, hakuna hata tofali la kuinua. Jamani hiyo ni sakafu ya kuwekea mashine ya kukatia nyasi na makopo ya rangi. Hakuna ubaya kuuza banda la namna hiyo kwa mtu anayetaka kuweka baiskeli, ubaya ni kuliandika jina la karakana ya mashine alafu kumuuzia mtu aliyekutumia uzito wa kila kitu.

Niwaambie kinachotokea. Mguu wa nyuma kushoto wa randa umezama kwenye plaiwudi mpaka tabaka la juu limepasuka kuzunguka kitako, nyuzi zimetoka nyeupe, na ukiingiza kucha unaona tabaka la pili nalo limeanza kuachia. Nikiweka pima maji juu ya meza ya msumeno alafu mtu akapita nyuma yangu, lile povu linatembea na yeye, akirudi linarudi. Bendiso ndo mbaya zaidi maana ni ndefu na nyembamba na ina gurudumu zito huko juu, ikiwashwa inayumba, na blade ikiyumba hakuna mstari unaokatwa ukanyooka. Mashine ya kukereza nimeacha kuitumia, kipande cha mti ambacho hakijawa duara kikianza kuzunguka sakafu nzima inatetemeka na patasi zinadondoka ukutani.

Randa ya kunyooshea nataka niieleze peke yake kwa sababu hapa ndo watu wa mauzo hawaelewi kwa nini fundi analalamika kwa kitu kidogo hivyo. Ile mashine ina meza 2 za chuma cha kumimina, ya kuingizia mbao na ya kutolea, na hizo meza lazima ziwe sambamba, tofauti ya sehemu ya milimita tu inatosha kuharibu ubao. Mguu mmoja ukishuka, fremu inajipinda kidogo, na meza zinafuata. Naweka rula ndefu ya chuma juu ya meza zote mbili, naona mwanga unapita chini yake. Narekebisha, naweka vipande vya bati chini ya mguu, inakaa sawa, nikifanya kazi kidogo mguu unazama tena na mwanga unarudi. Matokeo yake mbao mbili nikizigusanisha ili nizigundishe kwa gluu zinaacha uwazi katikati, na mlango uliogundishwa hivyo utafunguka tu, hata uubane kwa klampu za namna gani. Mimi milango na meza ndo kazi yangu. Siwezi kumpa mteja mlango niliounyoosha kwenye sakafu inayopumua.

Alafu kuna usalama. Msumeno wa meza wa inchi 10 unazunguka kama mara 4000 kwa dakika. Unasukuma ubao, sakafu inabonyea chini ya mguu wako, ubao unapinda kidogo tu na kubana upande wa nyuma wa blade, hapo unarushwa kurudi kwako kabla hujajua kimetokea nini. Kila seremala anajua hiki kitu na wengi wana makovu yake. Mashine inatakiwa isimame tuli na mtu anayeitumia asimame tuli, hakuna mjadala hapo.

Mafundi wenu walipokuja waliniambia niongeze plaiwudi nyingine juu. Hiyo inasaidia mguu usitoboe, sawa, lakini maboriti chini yanabaki yale yale, na kinachopinda ni boriti. Ugumu wa mbao iliyolala kama boriti unategemea kimo chake kuliko kitu kingine chochote, ukiongeza kimo mara 2 ugumu unapanda mara 8. Maana yake mngeweka mbao za inchi 2 kwa 8 badala ya 2 kwa 4, mkazipanga kila sentimita 30, mkaweka plaiwudi 2 za milimita 18 kwa kupishanisha maungio, na chini mkajenga vinguzo vya zege chini ya mihimili badala ya kulaza kwenye udongo, leo nisingekuwa naandika hii barua. Sio kwamba sakafu ya mbao haiwezi kubeba mashine. Inaweza vizuri kabisa, na mbao ni nzuri kwa miguu ya mtu anayesimama kutwa. Sema hiyo yenu haikujengwa kwa ajili hiyo, na mlijua.

Na mambo mengine niyaseme haraka. Mlango una upana wa sentimita 80, kwenye mchoro mliandika milango miwili inayofunguka pamoja, ikabidi nifungue mabawa ya msumeno na meza za randa ya kunyooshea ndo vipite. Waya wa soketi mmeweka wa milimita za mraba 1.5, huo ni wa taa, wakati mota ya hospawa 3 ikiwaka inavuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida, taa zinafifia na waya unapata joto, na soketi moja haina athi kabisa, yaani ule waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini. Fundi umeme mwenye leseni ameukata mfumo wote na ameandika ripoti, nakala nimeiambatanisha. Bati la paa halina kitu chochote chini yake kwa hiyo usiku unyevu unaganda na kudondokea kwenye meza za chuma, na huku chini udongo nao unapandisha unyevu, kutu imeanza kushika. Tundu la kutolea bomba la vumbi lililokuwepo kwenye mchoro halikutobolewa, na vumbi la mbao sio uchafu wa kufagia tu, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka kwenye kundi la 1 la visababishi vya saratani tangu 1995. Hayo yote yanarekebishika kwa siku chache mkitaka. Sakafu ndo kubwa.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni ile sentensi ya mwisho ya imeili yenu, kwamba waranti inafutika mteja akiweka mashine ndani. Mmeniuzia banda la karakana la mashine, mmeandika hivyo kwenye invoisi kwa mkono wenu, alafu mnasema waranti inakufa nikiweka mashine? Basi nieleweshwe nilitakiwa niweke nini humo ndani.

Ninachotaka ni kimoja kati ya hivi viwili, mchague nyie.

Cha kwanza, mje mliinue banda mlisogeze pembeni, mchimbe udongo wa juu, mjaze kokoto na kushindilia, mtandaze nailoni, mfunge nondo na wavu, mmwage zege la nguvu ya C25 unene wa milimita 150, kingo ziwe nene zaidi pale kuta zinapokaa, mlimwagilie maji vizuri na kuliacha likomae. Najua zege linahitaji kama siku 28 kufikia nguvu yake na niko tayari kusubiri, msije mkaharakisha kwa ajili ya kunifurahisha. Baada ya hapo banda lirudishwe juu yake bila ile sakafu ya mbao, lifungwe kwa bolti zilizozama kwenye zege, mlango na umeme virekebishwe kama mchoro unavyosema. Gharama zote zenu, pamoja na kuhamisha mashine kwa watu wenye jeki ya paleti, maana sitaki vijana 4 wabebe kilo 400 kwa mikono kama walivyofanya mara ya kwanza.

Cha pili, mlichukue banda lenu na mnirudishie hela yote, ikiwemo ya usafiri na ya kufunga, na mnilipe fundi umeme niliyemlipa mimi.

Punguzo sitaki, vocha ya kununua kitu kingine kwenu sitaki, na plaiwudi ya kuongezea juu sitaki.

Na kwa ajili ya watu wengine watakaonunua, kwenye kipeperushi chenu andikeni mzigo ambao sakafu inabeba kwenye mguu mmoja, sio tani za jumla peke yake. Mtu anayenunua banda kwa ajili ya randa au bendiso anahitaji namba hiyo kuliko picha ya banda lililopambwa maua pembeni. Kama hamna hiyo namba basi msiliite la kazi nzito mpaka mhandisi awapigie hesabu.

Nawapa siku 14 kuanzia siku mtakayopokea barua hii, jibu liwe la maandishi na liwe na jina la mtu anayehusika. Zikipita kimya, napeleka faili lote kwenye mamlaka ya kulinda walaji, meseji, invoisi, picha za sakafu, ripoti ya umeme, na hilo jibu lenu la tani 3.

Mkituma watu kuja kuangalia, naomba awepo mhandisi na aje na mchoro wa sakafu wenye vipimo vya maboriti. Randa nitaiacha pale pale ilipozama mpaka afike, aweke pima maji mwenyewe na apime kina cha lile shimo.

Wenu,
Mteja, banda la karakana mita 3 kwa 5
Viambatanisho: meseji, invoisi, mchoro, picha, ripoti ya fundi umeme