Mkiandika ICU ya watoto, waandikeni na madaktari wake

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote hapo gazetini. Habari zenu za afya nazisoma sana ila kuna kitu kinanikera, kila mkiandika ICU ya watoto, yaani wodi ya watoto mahututi, picha ni ya mashine mpya, idadi ya vitanda na mgeni rasmi anakata utepe, basi imeisha. Daktari atakayesimama pale saa tisa usiku hayumo. Mimi ni nesi, nafanya kazi na hao madaktari, naomba nafasi kidogo.

Kwanza watu wajue hii njia ni ndefu. Mtu anasoma udaktari miaka mitano au sita, anafanya intaniship, anarudi kusomea ubingwa wa watoto miaka mitatu au minne, ndo sasa anaanza ubobezi wa watoto mahututi, miwili mitatu mingine. Wenzake washafungua kliniki zao yeye bado anaitwa mwanafunzi. Mnashangaa kwa nini wako wachache?

Halafu kazi yenyewe. Wodi hiyo hiyo ina kichanga wa kilo 3 na kijana wa kilo 60, dawa karibu zote zinapigwa hesabu kwa uzito, ukikosea nukta moja ya desimali umempa mara kumi. Huyo wa kilo 3 damu yake mwili mzima ni kama mililita 240, haijazi hata chupa ndogo ya soda, kwa hiyo hata damu ya vipimo inachukuliwa kwa kubania. Mrija wake wa kupumulia kwa ndani una upana wa milimita 3 na nusu hivi, makohozi kidogo tu umeziba. Na watoto wanadanganya jamani, presha inaweza kusoma vizuri kabisa huku mwili unaishiwa, ikija kushuka mmeshachelewa. Ndo maana daktari mzoefu utamwona hakimbilii monita, anafunua nguo anaangalia mbavu zinavyoingia ndani mtoto akivuta pumzi, anashika miguu kama ina baridi, anabonyeza ngozi na kuachia, anahesabu rangi inarudi baada ya sekunde ngapi.

Tena fani yenyewe ilianza kwa mikono. Mwaka 1952 polio ilipoivamia Copenhagen mashine za kupumulia hazikutosha, daktari wa usingizi Bjørn Ibsen akashauri wagonjwa watobolewe koo wapewe hewa kwa kukamua mfuko, wanafunzi wa udaktari wakapokezana usiku na mchana kwa wiki nyingi. Mgonjwa wa kwanza alikuwa binti wa miaka 12, na alinusurika. Mwaka 1955 kule Gothenburg, Sweden, ikafunguliwa ICU inayotajwa kuwa ya kwanza ya watoto.

Na vitabu navyo vinabadilika. Mwaka 2011 ulitoka utafiti uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania, watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko wa damu mbovu, waliopewa maji mengi ya haraka kwenye mshipa walikufa wengi kuliko ambao hawakupewa, na kuwapa maji hivyo ndo ilikuwa inafundishwa sehemu nyingi! Sasa mashine gani itakwambia leo huyu mwongezee na huyu muache? Ni mtu aliyesoma na anayeendelea kusoma.

Sijagusa kukaa na wazazi. Daktari anavuta kiti, anawaambia kwa maneno ya kawaida kwamba mapafu yamechoka na tutajua zaidi kesho, baba anauliza swali lile lile mara ya nne na anajibiwa upya bila kufokewa. Dakika kumi baadae yuko kitanda kingine.

Ombi langu, siku mkienda tena kwenye uzinduzi muulizeni mgeni rasmi madaktari bingwa wa hapo wangapi, wangapi wako masomoni, na wikiendi usiku zamu anashika nani. Majibu yake myaandike hivyo hivyo, vitanda tutavihesabu wenyewe kwenye picha.

Nesi wa wodi ya watoto