Risala ya Chama cha Historia kwa Mgeni Rasmi, Malindi

Mheshimiwa mgeni wetu, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, asalaam aleikum na Bwana asifiwe. Karibu sana Malindi.

Mgeni rasmi, mwaka huu tumesoma habari za watu wasio na silaha waliouliwa wakati wa vita, na vile serikali hukaa miaka na miaka ndo ziseme kitu. Hapa jirani tu, Hola, tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 walipigwa mpaka wakafa sababu walikataa kazi ya kulazimishwa, na serikali ya mkoloni ikatoa taarifa ati wamekufa baada ya kunywa maji. Maji! Ikabidi tungoje mpaka 2013 Uingereza iseme inasikitika kwa mateso ya wakati wa Emajensi, yaani hali ya hatari iliyotangazwa kupambana na Mau Mau, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 na gharama za kesi, na hata hapo ikakataa kubeba lawama kisheria. Kusikitika sio kuomba msamaha, sisi tunasema wazi.

Na hawakulipwa kwa hisani. Wazee walifika kotini London na uzee wao wakaeleza waliyotendwa, na kesi ndo ilifichua mafaili yaliyotolewa Kenya wakati wa uhuru yakafichwa Uingereza, mwishowe Hanslope Park. Wajane wa Rawagede kule Indonesia vilevile, waume zao waliuliwa na askari wa Uholanzi 1947, serikali ikasema muda umepita, koti ya The Hague 2011 ikaikatalia.

Sasa sisi je? Mwaka 1914 Waingereza walilipua Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama, wakachoma nyumba za Wagiriama, watu wakafa. Mekatilili wa Menza, mama aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, ana sanamu hapa mjini, vizuri sana, lakini aliyeziona nyumba zile zikiwaka hayuko tena wa kumuuliza. Walioona vita vya shifta vya miaka ya sitini, vya wapiganaji waliotaka kaskazini mashariki ijiunge na Somalia, bado wako, wengine ni Wabajuni waliokimbia vijiji vyao kule Lamu wakahamia huku. Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha bungeni Machi 2015 kwa dhuluma zilizofanywa na serikali zilizopita, akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10 wa kuwafidia walioumia, na miaka ikapita familia zikingoja.

Kwa hivyo ombi letu ni rekoda, nauli ya kuwafikia wazee hao wanaokubali kwa hiari yao, na utuombee kwa kaunti kabati la kufungwa kwa kufuli, tuweke maneno yao. Tunaomba tuanze likizo hii ya Agosti, manake wazee wanatutoka.

Ni sisi wanachama.