Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula wa Kwanza, na Mchezo wa Bibi Kimya na Bibi Maneno

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA, NA MCHEZO WA KLABU YA USOMAJI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shule inafunga leo kwa likizo ya Juni. Ripoti ya mwanao iko kwenye bahasha aliyokabidhiwa mkononi, pamoja na tarehe ya kufungua na kiasi cha mahindi na maharage tulichokubaliana kwenye kikao. Naomba bahasha hiyo ifunguliwe mtoto akiwepo, na mzungumze. Kidato cha Pili wana mtihani wa taifa mwezi Novemba na Hisabati yao bado haijakaa sawa, hivyo wasipangiwe safari ndefu. Mengine yote yamo humo, nami sitayarudia, kwa sababu nataka barua hii ibebe habari ya mchezo ambao wanafunzi wameutunga na kuuigiza bwaloni wiki iliyopita. Wengi wenu hamkuweza kufika kwa sababu ya mavuno. Mmekosa jambo kubwa.

Mchezo unahusu bibi wawili, ndugu wa tumbo moja, wapelelezi. Mkubwa wanamwita Bibi Kimya: nesi mstaafu aliyerudi kijijini kutoka mjini, anatembea na daftari, anahesabu kila kitu, na chai yake haina sukari. Mdogo ni Bibi Maneno: hajawahi kuhama kijiji, anauza dagaa gulioni, anamjua kila mtu na mama wa kila mtu, na chai yake ina vijiko vitano. Wanaishi nyumba moja na hawakubaliani hata juu ya dirisha lipi lifunguliwe asubuhi.

Usiku wa kuamkia harusi, sufuria kubwa la kikundi cha akina mama, lile la pilau, linapotea. Kunapambazuka, wageni wako njiani, jikoni umebaki mfuniko tu. Kabla jua halijapanda, kijiji kimeshampata mwizi: kijana yatima anayelinda jiko usiku. Hakuna aliyemwona akibeba chochote. Ni maskini, na hilo linawatosha. Mwingine anapendekeza watu wachange fedha waende kwa mganga akapige ramli. Hapo ndipo wale bibi wawili wanaposimama na kuomba wapewe muda hadi chai ya saa nne.

Naomba mnivumilie nieleze walivyolipata, kwa sababu wanafunzi walilifikiria jambo hili kwa wiki nyingi. Bibi Kimya anapiga magoti kwenye mafiga. Anaona majivu yamelowa katikati tu, pembeni ni makavu. Mtu anayezima moto kwa kumwaga maji hulowesha kote. Hapa maji yalidondoka kutoka juu, mahali pamoja. Sufuria lilikuwa limetoboka. Kisha anautazama mfuniko. Mwizi anayeuza chuma chakavu hupimiwa kwa kilo, sasa kwa nini aache mfuniko wenye kilo zake? Aliyebeba sufuria alikuwa na nia ya kulirudisha. Mwisho anahesabu mbuzi. Wamechinjwa wanne. Vichwa viko vitatu.

Wakati huo Bibi Maneno hajapiga goti popote. Amekaa gulioni anauza dagaa na kupiga soga. Ukumbi mzima ulicheka, kwa maana dada yake anapita na kumkemea kwamba anapoteza muda. Lakini katika soga hizo mama mmoja analalamika kwamba hakulala vizuri, kwani fundi wa kuweka vitako vya masufuria, jirani yake, aligonga nyundo hadi usiku wa manane. Mwingine anashangaa kumwona mjomba wa bibi harusi, mwenyekiti wa kamati ya chakula, amevaa koti zito kwenye jua kali. Bibi Maneno anafunga kapu lake, anamfuata mjomba, anamwambia kwa upole, "Mjomba, lete hilo koti nikushikie, utazimia." Shati la ndani ni jeusi kwa masizi.

Kumbe mjomba aliamka usiku, akajipikia supu ya kichwa cha mbuzi wa harusi, akapitiwa na usingizi. Supu ikakauka, kitako kikatoboka, na alipomwaga maji kuliokoa sufuria yakapita chini moja kwa moja. Akalifunga kwenye baiskeli na kulipeleka kwa fundi gizani. Pilau linapikwa kwa wakati. Mabibi wanarudi nyumbani wakigombana nani kati yao ndiye aliyemkamata mjomba, na hawajamaliza hata pazia linapofungwa.

Sasa nieleze lilivyoanza, maana baadhi yenu mliniuliza kwa nini shule inawasomesha watoto hadithi za wizi na mauaji.

Klabu ya usomaji ilianza muhula na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Wazee wenzangu mnakikumbuka. Kilishika nafasi ya kwanza kwenye mashindano ya hadithi za Kiswahili ya 1957/58, kikachapishwa 1960. Maiti inakutwa mzimuni, mahali ambapo watu wanaogopa hata kupita, lakini mpelelezi Bwana Msa na kiko chake hamtafuti pepo, anamtafuta binadamu. Mwalimu wa Kiingereza akawaongezea Agatha Christie wa Uingereza, ambaye tangu 1927 aliandika visa vya Miss Marple, bibi wa kijijini anayefuma sufu huku akiwaelewa watu kuliko askari wanavyowaelewa. Akawasomea pia kanuni kumi za hadithi za upelelezi zilizoandikwa mwaka 1929 na padri wa Kiingereza, Ronald Knox. Ya pili inakataza kabisa nguvu za kimiujiza: fumbo lifumbuliwe kwa akili. Ya nane inataka msomaji aonyeshwe dalili zilezile anazoziona mpelelezi. Wanafunzi waliipenda mno ile ya pili, wakaiandika kwa chaki juu ya mlango wa maktaba. Nimekataza isifutwe.

Ndipo binti mmoja wa Kidato cha Tatu akauliza mbona wapelelezi wa Kiswahili waliowasoma ni wanaume watupu, na mbona bibi akitokea kwenye hadithi za kwetu mara nyingi anakuwa mchawi. Darasa zima lilinyamaza. Ninyi wazazi wa kanda hii ya ziwa mnajua kwa nini. Katika mikoa yetu ya Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Geita wapo bibi waliouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu huo ulitokana na moshi wa kuni na wa samadi kavu waliyopikia maisha yao yote. Sheria inayokataza kumwita mtu mchawi ipo tangu 1928, na Januari 2015 serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi. Lakini mtoto hasomi Gazeti la Serikali. Anasikiliza yanayosemwa jioni nyumbani.

Kwa hiyo walipomtunga Bibi Maneno, walimpa macho mekundu kwa makusudi. Katika onyesho la tatu watoto wanamkimbia, naye anawaita: "Njooni! Haya macho ni moshi wa miaka hamsini. Mkiyaogopa, njooni leo mpike nyinyi, mimi nikae kivulini." Walicheka watu wote, kisha nikawaona akina mama wawili wazee wa mstari wa mbele wakipiga makofi wamesimama. Maneno hayo hakuna mwalimu aliyewaandikia. Yametoka kwa watoto wenu.

Na kuna onyesho jingine ambalo mimi kama mlezi wao ninalithamini kuliko yote. Sufuria likisharudi, kila mtu anataka kukimbilia pilau. Bibi Kimya anasimama mlangoni na daftari lake, anasoma majina ya wote waliomwita yule kijana mwizi, mmoja mmoja, na kila aliyetajwa anamwomba radhi mbele ya watu kabla ya kupewa sahani. Mwalimu wa fasihi alipendekeza sehemu hiyo ifupishwe kwa sababu inachelewesha mwisho. Wanafunzi walikataa. Nami niko upande wao: ugunduzi usiomsafisha aliyechafuliwa haujakamilika.

Mazao yake tumeshayaona. Mwezi Mei fedha za mwanafunzi zilipotea bwenini. Zamani jambo kama hili lingeishia kwa mtu kupekuliwa kwa sababu ya umaskini wake, au kwa vitisho vya kwenda kwa mganga. Safari hii viranja walikaa chini, wakamwomba mwenye fedha aeleze siku yake yote tangu alipoamka, wakaandika. Kabla ya chakula cha jioni fedha zilipatikana ndani ya mkebe wa vifaa vya Hisabati ambao yeye mwenyewe alikuwa amemwazima mwenzake. Hakuna aliyetajwa jina, hakuna aliyelia.

Kazi ya likizo kwa klabu ni moja, na inawahusu ninyi. Kila mwanafunzi atakaa na bibi, au shangazi, au mama mkubwa, na kumwomba amsimulie kisa cha kitu kilichowahi kupotea nyumbani au kijijini, na jinsi kilivyopatikana. Kiandikwe kama kilivyosimuliwa. Kama msimulizi anazungumza Kisukuma, kiandikwe Kisukuma kwanza, tafsiri ifuate. Naomba msiwaharakishe wazee hao. Mkiweza, mwondoleeni bibi jembe au sufuria mkononi kwa jioni moja ili apate nafasi ya kukumbuka. Mjukuu ndiye apike. Na mtoto akiwauliza, "Mmejuaje kwamba ni yeye aliyeiba?", msimwone hana adabu. Tumemfundisha kuuliza hivyo, kwa heshima, na tutaendelea kumfundisha.

Mchezo utarudiwa Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua shule, saa nane mchana, bwaloni. Hakuna kiingilio. Viti vya mbele ni vya bibi na babu, na wasioweza kutembea mbali watafuatwa na vijana wa Kidato cha Nne kwa baiskeli, mradi jina liletwe kwa mwalimu wa zamu siku ya kufungua.

Tunaomba pia kuazima vitenge viwili vya zamani, miwani ya kusomea isiyotumika, na sufuria kubwa lenye masizi ya kweli. Tulilotumia ni la jiko la shule, na wapishi wamesema hawalitoi tena.

Nawatakia likizo njema. Wabeja sana.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkuu wa Shule

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mwalimu mlezi wa klabu ya usomaji, Ubao wa matangazo