Ndege ya zamani yenye masaa machache ni mtego

Mhariri,

Nimeisoma makala yenu ya wiki jana kuhusu ndege ndogo za zamani, ile mliyosema Cessna 172 ya miaka ya sabini bei yake haifiki hata ya Land Cruiser mpya. Hamjadanganya, ila mmeishia getini. Mlimhoji dalali, fundi hamkumhoji.

Mimi na wenzangu wawili tulijichanga tukanunua ya mwaka 1972, nyeupe ina mstari wa kahawia ubavuni, ukifungua mlango inanukia petroli na viti vya kizamani, yani moyo wenyewe unakubali kabla hujauliza bei. Kilichotumaliza ni logibuku, lile daftari la kumbukumbu za ndege. Injini ilikuwa imetembea masaa 400 tu tangu ovahoo ya mwisho, yani kufunguliwa na kujengwa upya, wakati Lycoming wenyewe waliotengeneza injini wanapendekeza 2,000, sisi tukaona tumeokota dhahabu, kumbe kuna mstari wa pili hatukuusoma: masaa 2,000 au miaka 12, kinachotangulia. Yetu ilikuwa na miaka zaidi ya 20 tangu ovahoo hiyo na muda mwingi ilikuwa imepaki tu huku Pwani, kwenye joto na chumvi.

Wanaojua magari watanielewa. Kwenye hizi injini kemshafti, ile shafti inayofungua valvu, imekaa juu ya krenki, kwa hiyo ndege ikikaa muda mrefu oili yote inashuka chini, kemshafti inabaki kavu na hewa yenye unyevu inaanza kuila. Muuzaji alituambia kwa kujiamini kabisa kwamba "tunaiwasha kila wiki dakika kumi", tukampongeza! Jamani, hiyo ndo ilikuwa inaiua. Injini ikichoma mafuta inatengeneza maji, na dakika kumi ukiwa chini oili haipati joto la kutosha kuyakausha, unazima, maji yanabaki humo humo. Ingerushwa lisaa limoja hewani tungekuwa tunaongea mengine.

Na sio kwamba hatukupima. Fundi alipima kompresheni, yani silinda zinavyoshika upepo, silinda zote nne zikasoma 70 na ushee kati ya 80, tukashangilia, lakini kile kipimo kinakuonyesha ringi na valvu, kuhusu kemshafti hakikwambii kitu. Ukitaka kuiona inabidi utoe silinda uchungulie kwa tochi, na muuzaji gani atakubali ufungue injini yake hujamlipa? Sisi tuliogopa hata kuomba. Baada ya kama masaa 30 hivi tukamwaga oili, fundi akakata filta, akaitandaza ile karatasi yake juani kwenye sinia, akapitisha sumaku, ikatoka na manyoya ya chuma. Hakusema neno, alinionyesha tu. Injini ikashushwa.

Bei ya kushusha injini na kuijenga upya siiandiki hapa kwa sababu mke wangu anasoma gazeti hili, ila mjue kwenye ndege za namna hii injini peke yake inaweza kula nusu ya bei mliyonunulia ndege nzima au zaidi.

Hapo sijagusa ukaguzi wa kila mwaka, bima, na mafuta. Hiyo injini hainywi mafuta ya ndege kubwa, yale ni jamii ya mafuta ya taa. Inataka avigasi, ile ya rangi ya bluu yenye risasi, na huipati kila kiwanja, kwa hiyo safari inapangwa kwa kufuata pipa lilipo sio unapotaka kwenda. Vipuri navyo, watu wanatishwa na habari kwamba Cessna waliacha kutengeneza hizi ndege 1986 mpaka 1996, lakini ukweli 172 zilitengenezwa nyingi mno, vipuri vipo, tabu ni kusubiri na kuhakikisha kimekuja na karatasi zake, maana bila karatasi fundi mwenye leseni hakifungi hata kikiwa kinang'aa.

Sijajuta kununua, wala siwakatazi watu. Mkiandika tena, waambieni wasomaji kati ya ndege yenye masaa 1,500 inayoruka kila wiki na yenye 400 iliyolala, waanze kuitazama ile ya 1,500.

Yetu bado iko hanga inasubiri kemshafti. Juzi nimekuta nyigu wamejenga kwenye tundu la kipimo cha spidi, kifuniko chake kilidondoka hakuna aliyeona, nimekaa saa nzima natoa udongo kwa kijiti.

Msomaji wenu, Ukonga, Dar es Salaam